Waya Chini ya Tangi

Taa ya majaribio mkononi mwa binti iligoma kuwaka. Kwenye betri ya pikipiki iliwaka, kwenye fyuzi iliwaka, kwenye swichi ya ufunguo iliwaka. Kwenye koili, giza. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Saa sita gari la chuma chakavu lingefika.

"Ikikohoa tu, inabaki," kaka yake alikuwa amesema, kasimama mlangoni pa banda na mikono mfukoni. "Isipokohoa, inapakiwa. Lakini usijitese, mdogo wangu. Baba mwenyewe ilimshinda miaka miwili."

Hilo ndilo lililomchoma. Baba yao alifunga nyaya za magari miaka arobaini, na binti huyu ufundi wake wote aliutoa kwenye mikono ile. Halafu pikipiki yake mwenyewe, iliyozeeka naye, ikamgomea, akafa bado anaitafutia hitilafu. Mtaani wakasema mzee amechuja.

Mama alishika tochi. Kazi hiyo aliijua, alimshikia mumewe kila asubuhi mpaka ile ya mwisho.

"Iache iende, mwanangu," alisema. "Chuma ni chuma."

"Nimulikie hapa, mama."

Binti aliufuata waya mweupe kwa kidole kutoka kwenye swichi. Kazi ya baba ungeitambua hata ukiwa umefumba macho. Alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo utepe wake mweusi ulizunguka kinyume na wa mafundi wengine. Karakana nzima ilimtania: mzee, unafunga au unafungua?

Alipolegeza tangi na kuliinua upande mmoja, mwanga ukahama.

"Mama, tochi."

"Mkono umechoka."

Saa sita kasoro tano. Akaingiza mkono gizani na kupapasa. Waya mweupe ulikuja vizuri, ukapinda kwenye fremu, kisha ukaisha. Ncha yake ilifungwa kinundu cha utepe. Kando yake ncha ya pili, nayo imefungwa peke yake. Waya ulikuwa vipande viwili.

Honi ikalia nje.

Alibandua utepe kwa kucha, akautupa sakafuni, akazisokota ncha pamoja. Taa ya majaribio ikawaka. Akarudisha tangi, akapanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Ya tatu aliipiga kwa uzito wake wote, pikipiki ikakohoa, ikanguruma, banda likajaa moshi.

Kaka alichungulia, akainua mikono juu. "Nimekoma, fundi! Acha nikawarudishe." Akatoka akicheka.

Binti alizima injini. Nyuma yake mama alikuwa ameketi juu ya kreti analia, na hakikuwa kilio cha furaha.

"Haukukatika wenyewe, mama. Kuna mtu aliukata. Kwa mkasi."

"Mkasi wa cherehani," mama alisema.

Binti akageuka.

"Alikuwa ameanza kupotea. Mara mbili aliletwa nyumbani na watu asiowajua. Kumnyang'anya ufunguo nilishindwa, ningemvunja. Nikakata." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Basi kila asubuhi, 'Mke wangu, njoo unimulikie.' Tunakaa hapa mpaka mchana, anagusa huku, anagusa kule, ananisimulia ya ujana wetu. Na mimi nimenyamaza. Miaka miwili! Amekufa akijua ameshindwa, mwanangu, na aliyemshinda ni mimi."

Binti aliinama, akaokota vile vipande vya utepe sakafuni.

"Mama, ulipokata, zile ncha ulizifunga vipi?"

"Nizifunge na nini? Nilikata nikakimbia."

Binti akafungua kiganja. Vipande viwili vya utepe mweusi vilikuwa bado vimejikunja kama vilivyofungwa, na vyote viwili vilizunguka kinyume.