Bi Umi Hasahau

Chai ililetwa tena, na Bi Umi bado hajatoka chumbani.

Profesa Jepchirchir alichoka kutabasamu. Mashua ilikuwa ikimngoja kwenye gati la Mtangawanda, maji yameanza kupwa, na yakishakupwa haondoki mtu. Kesho jioni chuo kingemtunuku nishani ya mtafiti bora wa sayansi ya akili. Lakini Patroba, mwenzake wa idara, alikuwa amesimama mkutanoni mbele ya wakubwa: "Bibi kizee wa miaka tisini hasahau kitu? Mlete tumwone." Profesa kwa hasira akaapa kumpandisha bibi huyo jukwaani siku ya nishani. Asipompeleka, atachekwa idara nzima. Na sasa kizee mwenyewe anamringia!

"Bi Hayat, mama anajitayarisha?" alimuuliza tena binti wa Bi Umi.

"Nwa chai kwanda, Bi," Hayat alisema, macho chini. "Kula na mahamri."

Profesa alikula huku amenuna. Watu gani hawa? Kabla ya leo alikuja hapa Siyu mara moja tu, kumwandikisha Bi Umi kwenye utafiti wake wa kumbukumbu za wazee. Vipimo vyote baadaye vilifanywa kwa simu. Anamsomea maneno, wanazungumza kidogo, kisha kizee anayarudia. Mwanzoni alisahausahau kama wazee wote. Halafu, tangu Ramadhani ya mwaka juzi, akili ikamfunguka. Hakuna neno lililompotea, hata kwenye mtandao huu mbovu unaokatakata sauti. Wataalamu wa ng'ambo walistaajabu. Makala ikachapishwa, nishani ikaja.

Na kila mara, kabla ya kukata simu, sauti ile ilimsihi: "Utakuya lini mwenyewe? Kuna neno halinenwi kwa simu."

Profesa aliahidi tu, mbio akampigie mzee mwingine. Wazee na kupenda zawadi, alijiambia. Leo amekuja, halua na leso mkononi, na bado anazungushwa kama mdai!

Uvumilivu ukamwishia. Alitoa simu, akapiga namba ya Bi Umi. Kama hataki kwenda, aseme mwenyewe.

Simu ikalia papo hapo, kwenye pindo la leso ya Hayat.

Hayat hakuipokea. Aliweka birika chini, akajifuta macho.

"Khabari hii hapewi mtu mwenye njaa ya safari," alisema. "Ndilo neno nilokwitia, Bi. Mama alitutoka Ramadhani ya mwaka juzi."