Kiganja cha Ermete

Ermete alinyanyua kiganja kuwaashiria wanamuziki wake wasimame, wapokee makofi pamoja naye. Hakusimama hata mmoja.

Moyo ukamruka kwa furaha. Pale Parma, Italia, okestra inayompenda kiongozi wake hugoma kusimama ili makofi yawe yake peke yake. Yeye miaka yote, akinyanyua kiganja tu, hao! Huruka vitini kama watu walioacha tambi zikichemka jikoni.

Alinyanyua tena. Wakazidi kukaa, wakigongagonga pinde za fidla kwenye stendi za nota kumshangilia. Jasho lilimtiririka kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Inukeni, wakaidi nyie!" alisema akicheka.

"Hatuinuki ng'o, Maestro," alijibu mpiga fidla wa kwanza, mama ambaye tangu wajuane hakuwahi kumchekea. "Ya leo ni yako."

Ndipo Ermete alipoona macho ya mama yule yamelowa. Akamwinamia.

"Kuna nini?"

"Si ni huo mkataba wako! Mkurugenzi alituita asubuhi, akasema umekatwa, leo ndiyo mwisho." Mama akamtazama usoni, upinde ukamganda mkononi. "Mungu wangu. Hajakwambia?"

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, ukipiga kelele za shangwe. Kiganja cha Ermete kilikuwa bado hewani.

"Simameni," alinong'ona. "Nawaomba, jamani, simameni."

Nyuma ya mama yule, pinde zikazidi kugonga.