Matundu Upande wa Kulia

Darasa zima la Mwalimu Chuwa lilifeli mtihani wa ushonaji. Kila shati la kiume lilikuwa na matundu ya vifungo upande wa kulia, kama blauzi.

"Mwalimu, wanaume wa mji huu siku hizi wanavaa blauzi?" mkaguzi wa mtihani aliuliza, akacheka peke yake.

Chuwa alimwita Namsifu, binti aliyekuwa hodari kuliko wote.

"Nani alikuambia utoboe huku?"

"Wewe mwenyewe, mwalimu. Kwenye video. Nimeitazama mpaka simu ikapata moto."

Akampa simu. Chuwa alijiona amevaa shati, anaonyesha matundu. Siku ile yalikuwa kushoto kwake, alikumbuka vizuri. Kwenye simu yalikuwa kulia kwake, na namba za futi iliyoning'inia shingoni zilisomeka kinyumenyume. Alikuwa amejirekodi kwa kamera ya mbele, nayo ikageuza kila kitu kama kioo.

Zamani, darasani, alikuwa akisimama nyuma ya mwanafunzi, akiushika mkono wake na kuuweka penye kitambaa. Chuo kilipohamishia masomo mtandaoni, hakuna aliyemuuliza mkono wake sasa atauweka wapi.

"Tutarudia lini, mwalimu?" Namsifu aliuliza.

Mkaguzi alikuwa ameshafunga mkoba. "Hakuna kurudia. Darasa zima limefeli, kwa hiyo kozi hii imefutwa."

Ilikuwa miaka miwili ya masomo, mashati thelathini na moja, na wanafunzi thelathini na mmoja waliokuwa wakiyakunja polepole, wakianzia kwenye kola, kama alivyowafundisha.