Mama Kaa Hashuki

Alikuwa ameketi ndani ya kijiko cha katapila, miguu inaning'inia nje, viatu vya mpira vimejaa tope, anamenya chungwa.

"Mama, shuka," alisema mhandisi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuomba vizuri na sasa amechoka kuomba.

"Sishuki."

Walimwita Mama Kaa kwa sababu utu uzima wake wote ulikuwa umeishia topeni, akichunguza kaa wa mlango wa mto. Kituo chake cha utafiti kilikuwa vyumba viwili na darubini moja inayogoma ikijisikia. Lakini kwa ubishi, mama huyu peke yake alikuwa chuo kikuu kizima.

Jana kampuni ilimaliza kuufunga ule mkono wa mto unaoingia kwenye mikoko. Iliweka ukuta wa udongo, mrefu, kuanzia hapa hadi kule konani ambako jicho halifiki. Kesi ilikuwa bado mahakamani, ila wenye haraka yao hawangoji hakimu. Walitaka mabwawa ya kufugia kambamiti. Sasa mkoko una mizizi inayochomoza topeni ili ipumue. Maji ya bahari yakiingia na kutoka, mizizi inapata hewa. Maji yakilala pale pale, inazama, na msitu mzima unakufa kwa kukosa pumzi. Samaki wadogo wanaokulia humo nao ndiyo basi tena. Haya Mama Kaa aliyasema katika kila ofisi yenye kiti. Wakamkaribisha, wakamsikiliza, wakamsindikiza mlangoni.

"Umechelewa, mama," alisema mhandisi. "Ukuta umekwisha. Hili katapila linangoja lori tu lipelekwe kwingine. Sasa hapo unazuia nini?"

"Nazuia."

Walinzi wakacheka. Walikuwa wameitwa wote, hata wale wa upande wa konani, waje wamtoe mwanamke mmoja. Lakini watu walishajaa, simu zimeinuliwa juu zinapiga picha, na hakuna mlinzi aliyetaka sura yake ionekane ikimburuta mtu wa rika la mama yake. Dereva naye alikuwa ameshuka zamani, amekunja mikono kifuani.

"Mimi na mtu ndani ya kijiko siwashi," alisema. "Nina watoto."

Basi mhandisi akaleta silaha yake ya mwisho: shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa mume wa Mama Kaa, mtunza stoo wa kampuni. Alikuja na shati lake la kazi, anatembea kama mtu aliyetumwa kufumania nyumba isiyo yake.

"Shemeji, unatutia aibu. Mimi nina kibarua hapa, kitaota nyasi kwa ajili yako."

"Pole, shemeji."

"Hata kaka amekuchoka. Nimempigia, amezima simu. Nimewapigia mawifi zako, hakuna anayepokea. Wale wenzako wa kituo, kimya. Hebu geuka uangalie nyuma yako, yuko nani? Uko peke yako."

Mama Kaa aligeuka kweli. Aliona watu waliokuja kutazama, wala hakuna hata mmoja aliyesogea karibu. Akarudisha macho kwa shemeji yake, na hasira ikampanda mpaka chungwa likapondeka mkononi.

"Wewe umekulia kwenye mikoko hiyo, unavua na kaka yako, unarudi nyumbani umejaa tope mpaka masikioni. Leo umeshiriki kuiziba pumzi, halafu unaniuliza mimi niko na nani? Jiulize wewe uko na nani."

Shemeji akatazama viatu vyake.

Nje ya ukuta maji yalikuwa yanapanda. Ndani yalikuwa yamelala, meusi, na yameshaanza kunuka mayai viza. Mhandisi aliyatazama ya nje huku akijishika kiuno, anajisikia.

"Leo ni bamvua," alimwambia dereva, makusudi ili mama asikie. "Maji hayatapanda hivi tena karibuni. Ukuta ukistahimili leo, umestahimili."

"Naijua kalenda ya maji, mhandisi," alisema Mama Kaa. "Tukae basi tuone."

"Polisi wako njiani."

"Waje. Nafasi ipo, kijiko kikubwa."

Watu waliangua kicheko, na dereva akageuka pembeni asionekane meno. Mama Kaa yeye hakucheka. Alijifuta mikono kwenye gauni, akamuuliza dereva kwa upole, "Mwanangu, hebu niangalizie. Maji yamefika wapi?"

Dereva akachungulia ng'ambo ya ukuta. "Yamebakiza shubiri moja tu kufika juu, mama."

"Ahsante."

Simu ya mhandisi ikalia. Alikuwa mpishi wa kambi ya konani, maana kule hapakubaki mlinzi hata mmoja, na alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba hata waliosimama mbali walimsikia.

"Mkuu, huku konani kuna watu na majembe. Mume wake yule mama, mawifi zake, kituo kizima. Wameutoboa ukuta, na bahari imeingia, inaubeba wote. Leta katapila liuzibe, mkuu, leta sasa hivi."

Mhandisi aliteremsha simu polepole. Akamtazama dereva, akalitazama katapila, akakitazama kijiko.

"Mama," alisema, safari hii kwa adabu zote alizofundishwa kwao, "nakuomba, shuka."

Mama Kaa aliiingiza miguu yake ndani ya kijiko, akajilaza.