Simu ya Mama Mkwe

Mara ya saba, mkwewe alikata simu kabla hajamaliza kusema "habari".

Mama, kama walivyomwita wote pale duka la pikipiki, alirudisha mkonga wa simu mahali pake na kuandika saba pembeni mwa jina. Lilikuwa jina la mia moja na tisa kwenye orodha ya watu mia mbili na kumi walionunua pikipiki za toleo moja. Zote zilikuwa na kasoro moja. Ekseli ya gurudumu la mbele ilitengenezwa vibaya kiwandani, na dereva akifunga breki kali inaweza kukatika. Tangu Jumatatu kazi yake ilikuwa kuwapigia wenye pikipiki hizo, mmoja mmoja, na kuwasomea karatasi iliyotoka makao makuu.

Haikuwa kazi nyepesi. Wengine walimwita tapeli. Mmoja alitaka kujua kama kiwanda kinapokea na wake, maana wa kwake naye ana kasoro. Seremala mmoja alilalamika dakika kumi nzima kwamba sasa atafikaje kazini. Mama aliwaacha waseme mpaka wachoke, akawasomea karatasi hadi mstari wa mwisho, akaweka tiki.

"Huyo mwache," alisema mtunza stoo, ambaye duka zima lilimwita Spea. Alikuwa amesimama mlangoni na boksi la ekseli mpya begani. "Si ndiye aliyemvunja dada taya? Mimi ningeruka mstari, nikasema macho hayaoni vizuri."

"Yuko kwenye orodha. Aliye kwenye orodha anapigiwa."

Spea aliijua habari yote. Binti wa Mama alirudi nyumbani taya limefungwa waya, akisema aliteleza bafuni. Wiki sita Mama alimsagia chakula, binti akanywa kwa mrija. Waya ulipotolewa, neno la kwanza alilolitamka vizuri lilikuwa jina la mumewe.

Wazee wakakaa. Baba wa binti akasema ndoa haivunjwi kwa hasira. Baba mdogo akaongeza kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama mpaka leo hakuona methali hiyo iliingiaje pale. Yeye hakuulizwa. Ikaamuliwa kwamba Jumapili saa nne asubuhi mume aje kumchukua mkewe, na angekuja na pikipiki ile ile.

"Ala, kumbe ni hilo," Spea akasema taratibu. "Dada ndiye atakayekaa nyuma."

"Na leo ni Alhamisi. Peleka hilo boksi, utavunjika bega."

Spea alipoondoka, Mama alimpigia mkwe mwenzake, mama mzazi wa yule kijana. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya taya. Alimwambia kwa kifupi kuwa pikipiki ya mwanawe ina kipuri kibovu, dukani wanambadilishia, naye hapokei simu. Upande wa pili kukasikika kilio. Yule mama akashukuru, akaomba radhi, akasema hakudhani angeishi kuona mtu analipa wema pale alipotendewa ubaya. Mama akamjibu kuwa ana watu zaidi ya mia wanaomsubiri; amwambie tu mwanawe apige.

Kijana alipiga baada ya robo saa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alijieleza haraka haraka. Alidhani anapigiwa ili atukanwe, ndiyo maana alikuwa anakata. Amebadilika. Pombe ameacha, hata marafiki wa pombe ameacha. Mama aliyasikiliza yote bila kumkatiza. Maneno hayo aliyajua kwa mpangilio wake; aliambiwa hivyo hivyo mwaka jana, binti alipovunjika mkono.

"Nimekukosea, mama. Na bado unanijali."

"Tuzungumze pikipiki, baba."

Alimwambia kipuri kimeshafika, kazi yenyewe ni ya nusu saa, na akiwa pale kesho saa mbili hatapanga foleni. Akamuuliza kama bado anaishi nyumba ile ile ya juu kilimani. Kijana akasema bado, na chumba amekipaka rangi upya kwa ajili ya mkewe. Mama alikiona chumba hicho, na bafu lililo kando yake.

"Kwa hiyo nije nayo tu?"

"Njoo nayo. Shuka na barabara ya mteremko, hii ya chini wanaichimba. Na usichelewe, wakija wengine utakaa mpaka mchana."

"Mungu akuzidishie, mama. Jumapili nitakushukuru ana kwa ana."

"Haya, mwanangu."

Aliweka tiki mbele ya jina, akaandika tarehe na saa, na pembeni yake: amearifiwa. Akaisogeza rula chini mstari mmoja na kubonyeza namba iliyofuata. Ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mwanamke, aliyepokea kwenye mlio wa kwanza tu na kuuliza kwa ukali ni nani na anataka nini. Mama akajitambulisha, akaivuta karatasi ya makao makuu karibu, akamsomea kama alivyowasomea wale wengine wote tangu Jumatatu.

"Dada, nisikilize vizuri. Kuanzia sasa hivi usiipande, hata hatua moja, hata kuileta hapa kwetu. Iache hapo hapo ilipo, gari letu litakuja kuibeba."