Picha ya Uvimbe wa Selina

"Kwetu mimba ikiharibika, mwanamke hali chakula na wenzake mpaka atakaswe. Rudi kwako, Selina," jirani yake alisema, ameziba mlango. Mtaa mzima ulikuwa umetega masikio.

"Mimba gani, dada? Ulinipima wewe?"

Selina akamwonyesha kwenye simu picha ya kilichotolewa tumboni mwake hospitali: uvimbe mkubwa kama kabichi, umezungukwa na mishipa ya damu, minene kwa myembamba.

"Si saratani. Daktari anasema ulikuwa ukipokea homoni zangu, ukijiotesha mishipa, ukinywa damu yangu. Ndiyo maana nilikuwa natokwa damu vile, mkadhani mimba imeharibika."

Jirani aliifuata mishipa kwa kidole, polepole, mpaka kioo kikazimika.

"Yote haya yameota ndani yako, na bado ulikuwa unalima vitunguu?"

"Nililima."

Jirani akasogea pembeni. "Ingia, ugali unapoa."