Mgeni Aliyeulizia Ndege Mmoja

Mtu mzima, na viatu vyake vya ngozi, alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi za bwawa, darubini machoni, na korongo wawili walipita mbele ya pua yake asiwajali.

Marsela akatua ndoo. Bwawa lile lilikuwa chini ya bustani yake ya kabichi, shamba la mwisho la Mbulumbulu kabla ya msitu wa Ngorongoro. Alisimama akamtazama mgeni. Korongo wakaruka, mtu yule akawaacha waende zao. Bata maji wakashuka kwa kelele, hakugeuka. Darubini ilikuwa imeelekea msituni.

"Unatafuta nini kwangu, baba?"

Mgeni akainuka haraka, akajipangusa matope. "Shikamoo, mama. Naitwa Raphaeli. Natazama ndege tu."

"Marahaba. Mbona ndege wote wamekupita?"

Akacheka. "Natafuta mmoja. Yule mdogo mwenye mdomo mwekundu, mla kupe. Askari wa kifaru."

Nani asiyejua ndege yule anakaa mgongoni mwa nani? Akishuka mahali msituni ambako hakuchungwi ng'ombe, basi huko ndiko kifaru aliko. Na miaka ile majangili walikuwa wamefika hadi kwenye mashamba ya watu wakitafuta pembe, na kila walipofika walitaka kijana mwenyeji wa kuwaongoza. Mtoto wa jirani yake Blandina aliwaongoza, sasa yuko jela.

Marsela alikuwa na Naftali peke yake. Mwenye mtoto mmoja hulala jicho moja wazi.

Hakumfukuza mgeni. Alimkaribisha chai, apate kumchunguza vizuri.

Raphaeli akapiga fundo moja, akakitazama kikombe. "Mama, chai ina sukari! Karatu mjini kwenyewe watu wamesahau rangi yake."

"Ni mwanangu, Naftali. Huyo anajua kuhangaika. Anarina asali msituni, anabadilishana na watu."

"Huwa anaingia mbali?"

Marsela akakusanya vikombe. Kumbe ndiye anayetafutwa! Akasema ana nguo za kufua, mgeni akaelewa, akaaga. Lakini hakwenda mbali. Alirudi kulekule bwawani, akalala tena kwenye nyasi.

"Mama Naftali wee!" Blandina aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Mgeni wako ana macho manne, na yote anakutazama wewe!"

"Mimi nimezeeka. Anamtazama mwanangu."

Kicheko kikamwisha Blandina usoni. "Basi mfunge kamba mwanao. Kwa wangu nao walianza hivyohivyo, kwa chai na maneno matamu."

Jioni Naftali akarudi na ndoo tupu. Nyuki wamehama, alisema, kama alivyosema wiki iliyopita. Marsela alimsubiri anawe mikono, akamweleza habari za mgeni. Tonge likabaki mkononi mwa kijana.

"Ameulizia ndege gani?"

"Askari wa kifaru."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini mimi, mtu simjui? Mwanangu, yule ni jangili. Amekujia wewe."

Naftali akalirudisha tonge kwenye sahani. "Usizungumze naye tena, mama. Na usimwambie mtu." Kisha, bila kumtazama: "Kesho nakwenda Soitsambu. Kuna kazi ya mifugo."

"Wewe na ng'ombe mmependana lini?"

Alikwenda kutafuta blanketi lake.

Marsela akajua majangili wameshampata. Soitsambu ni njia ya mpakani. Wamemtisha au wamemwahidi, yote mamoja. Watamvusha, watamtumia, na siku atakapopigwa risasi porini hakuna atakayemletea hata shati lake.

Asubuhi alimwacha anakunja nguo, akachukua khanga kama mtu anayekwenda kisimani. Alipofika njiapanda akaanza kukimbia. Hakusimama hadi kituo cha bwana nyama, afisa wa wanyamapori.

Bwana nyama Hhando, mtu wa makamo mwenye tumbo, alikuwa anapaka buti lake mafuta. "Pumua kwanza, mama."

"Nitapumua mkishamkamata! Kuna jangili kijijini kwetu. Anajidai anatazama ndege."

"Kutazama ndege si kosa."

"Anataka askari wa kifaru tu! Nyinyi hamwajui wale? Hawamwachi kifaru hata akifa. Si mmemwona yule jike wa bonde la mikuyu? Ameuawa, amekatwa pembe, asubuhi yake ndege wamerudi wakamkalia mgongoni wakimtafuta kupe kama kawaida, na ndama wake anazunguka hapo analia. Mtu aliyeshuhudia vile hawezi kula!"

Hhando akaweka buti chini polepole.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Akatoka Raphaeli, amevaa sare ya kaki, vifungo vinang'aa.

Marsela akapiga makofi kwa furaha. Mtu wa serikali! Kumbe hakuna aliyekuwa anamwinda mwanawe. Alitaka kucheka, alitaka kumwomba radhi kwa chai aliyomnywesha kwa shingo upande.

"Shikamoo, mama," Raphaeli akasema kwa sauti ya chini. "Yule jike tumemkuta jana jioni. Hatujamwambia mtu yeyote. Hao ndege na huyo ndama, nani aliyewaona?"

"Ni Naftali wangu, ndiye aliyenisimulia!" Marsela akajibu, uso wote umemchanua. "Yeye ameona kila kitu kwa macho yake, atawaeleza vizuri kuliko mimi. Ila kimbieni, baba, mumuwahi. Nimemwacha anafunga mzigo."